Juu ya Kuiga Wakubwa

Watu mashuhuri ni wengi, lakini wanaoigwa ni wachache. Hilo ndilo jambo la kwanza linalomshangaza mtu akianza kuifikiria habari hii. Kiongozi fulani atatawala miaka kumi, picha yake itundikwe katika kila duka na kila ofisi, jina lake lipewe barabara na shule, na asitokee hata kijana mmoja awezaye kumwiga akawachekesha wenzake. Mwingine atahutubia mara mbili tatu tu, na jioni hiyohiyo kila kijiwe kina mtu anayezungumza kama yeye. Mwimbaji mmoja atauza santuri kwa maelfu bila kupata mwigaji hata mmoja. Mwingine, Elvis Presley, alifariki Agosti 1977 na mpaka leo kuna wanaume wazima, wenye wake na watoto, wanaovaa suti nyeupe yenye vito na kupaka nywele mafuta ili wafanane naye. Nataka katika kurasa hizi nijaribu kueleza ni nani huigwa na kwa sababu gani, kisha niseme ni mwigo wa namna gani ninaouona una thamani. Nitatoa mifano ya ng'ambo, ila nitakaa zaidi na ya kwetu, kwa kuwa huku ndiko masikio yangu yalikolelewa.

Tuanze na lililo rahisi. Mtu haigwi kama hana alama. Kwa alama nina maana ya kitu kinachoweza kubanduliwa kwa mwenyewe kikabandikwa kwa mtu mwingine, na watu wakakitambua bado. Charlie Chaplin ni mfano mzuri kuliko wote, kwa sababu alama zake alijitengenezea mwenyewe mwaka 1914: kofia ngumu ya mviringo, masharubu mafupi kama brashi, kifimbo, koti la kubana, suruali pwaya na viatu vikubwa. Yeyote aliyeweza kuvikusanya vitu hivyo na kutembea huku amepanua nyayo alikuwa tayari ni nusu ya Chaplin. Haukupita muda Marekani ikajaa waigaji, na watoto wakashindanishwa kwa kumwiga. Mmoja wa waigaji hao, Charles Amador, alijiita Charlie Aplin na kucheza filamu akiwa amevaa vivyo hivyo. Chaplin alimshtaki huko California, akashinda, na mahakama ya rufaa ikaithibitisha hukumu mwaka 1928. Msingi wa hukumu ile unafaa kukumbukwa, maana nitaurudia baadaye: kosa lilikuwa kuwahadaa watazamaji wadhani wanamtazama Chaplin mwenyewe.

Elvis na Michael Jackson walikuwa na utajiri wa alama kama huo. Jackson alikuwa na glovu moja, kofia iliyoinamishwa, soksi nyeupe, na ule mwendo wa kurudi nyuma kana kwamba anakwenda mbele, ambao Wamarekani waliuona katika televisheni mwezi Mei 1983 na watoto wa Afrika Mashariki wakauchezea vumbini muda si muda. Juu ya Elvis kuna jambo la kutazama. Waigaji wake aghalabu hawamchagui yule kijana wa 1956 aliyewatia wazazi hofu. Humchagua Elvis wa miaka ya sabini, mnene kidogo, mwenye suti ya vito na mkanda mpana. Nadhani sababu ni kwamba wakati huo Elvis alikwisha kuanza kujiiga mwenyewe. Alama zilikuwa zimekomaa, zimekuwa nzito kama mapambo ya bibi harusi, na mwigaji hakuwa na kazi kubwa ila kuzivaa.

Walakini alama peke yake haitoshi. Ingetosha, basi kila mwenye kigugumizi na kila mwenye kitambi angekuwa na waigaji wake. Yako mambo mengine mawili yanayohitajika. La kwanza ni kurudiwarudiwa: sauti isikike mara nyingi, kwa saa zilezile, mpaka wasikilizaji waijue kama wanavyojua mlango wa nyumba yao unavyolia. La pili ni uzito. Anayeigwa awe na kitu juu ya vichwa vya wanaomsikiliza: awe anaogopwa, au anapendwa kupita kiasi, au watu hawajakata shauri kama wanampenda au wanamwogopa. Ndiyo maana katika nchi zetu wanaoigwa zaidi si waimbaji wala wachezaji mpira. Ni marais.

Hapo sina budi kumtaja Daniel arap Moi, aliyetawala Kenya kuanzia Agosti 1978 hadi Desemba 2002. Sijui kama Afrika Mashariki imepata kuwa na mtu aliyeumbwa kuigwa kuliko yeye. Alikuwa na rungu lake jeupe mkononi na ua la waridi kifuani. Alikuwa na sauti nzito ya kukwaruza, kama mtu anayeburuta gunia juu ya saruji. Taarifa ya habari ya redio ilianza na yeye, hata kama siku hiyo alichofanya ni kuhudhuria ibada tu. Na alikuwa na Kiswahili chake cha Bonde la Ufa, kisichojali sana ngeli. Maneno aliyopenda kuyatumia kuwaonya wapinzani yalikuwa siasa mbaya, maisha mbaya. Mwalimu yeyote wa Kiswahili angeweka kalamu nyekundu hapo na kuandika maisha mabaya. Lakini jaribu, msomaji, kumwiga Moi kwa kusema maisha mabaya, uone kama kuna atakayecheka. Ile silabi moja iliyokosekana ndiyo Moi. Ukiirekebisha, umemfukuza chumbani.

Mtu huyu aliyeigwa hivyo alikuwa na mafundisho yake mwenyewe juu ya kuiga. Mwezi Septemba 1984, aliporudi kutoka Addis Ababa, aliwaambia hadharani mawaziri na wengineo kwamba anawataka waimbe kama kasuku nyuma yake. Alieleza kwamba wakati wa Mzee Kenyatta yeye naye aliimba wimbo wa Kenyatta tu, bila kutia noti yake mwenyewe, na sasa zamu imewafikia wao. Nimekwisha kuifikiria hotuba ile mara nyingi. Wengi huitaja kama mfano wa udikteta, na ni kweli. Mimi huiona pia kama nadharia kamili ya mwigo, iliyotolewa na mtu aliyejua anachosema. Kiongozi alitaka aigwe. Tatizo lilikuwa ni kuigwa vipi.

Maana wako kasuku wa namna mbili. Waziri anayeimba nyuma ya rais huchukua maneno yake na kuiacha sauti. Atasema yaleyale kwa lafudhi yake mwenyewe, mbele ya watu wake mwenyewe, mpaka maneno yale yaonekane yametoka kila upande wa nchi. Mchekeshaji hufanya kinyume: huichukua sauti na kuyaacha maneno, kisha hutia maneno mengine mahali pake. Kasuku wa kwanza hupata bendera ya gari. Kasuku wa pili, katika Kenya ya miaka ya themanini, alikuwa anachezea uhuru wake. Na hofu hiyo haikuwa ya kijinga. Mtu akiweza kuivua sauti ya mtawala na kuivaa mwenyewe, amethibitisha mbele ya wote kwamba sauti hiyo ni nguo kama nguo nyingine.

Kwa hiyo, katika miaka ile, vichekesho vya runinga vya Kenya havikuiga watu. Viliiga makabila. Katika Vitimbi na Vioja Mahakamani tulicheka lafudhi: huyu anachanganya R na L, yule anapiga S mahali pa SH. Mzee Ojwang', kwa mfano, aliyetuchekesha kwa Kiswahili chake cha Kijaluo, alikuwa ni Benson Wanjau, Mkikuyu, na aliifanya kazi hiyo kwa ustadi hata wengi wasiamini walipoambiwa. Sisemi hayo kwa kumdharau. Alikuwa fundi, na alipofariki mwaka 2015 nchi nzima ilihisi imempoteza babu. Nasema tu kwamba ufundi ule ulielekezwa pale ulipoweza kuelekezwa. Watu wasioweza kumcheka mkubwa mmoja huchekana wenyewe kwa wenyewe, na mkubwa hana neno.

Mambo yalibadilika polepole baada ya Desemba 1991, vyama vingi viliporuhusiwa tena. Mwishoni mwa miaka ya tisini vijana watatu waliotoka Chuo Kikuu cha Kenyatta, Walter Mong'are aliyejulikana kama Nyambane, Tony Njuguna na John Kiarie, walianza kuonekana jukwaani na kisha katika runinga kwa jina la Redykyulass. Nyambane alimwiga Moi, na Moi bado alikuwa Ikulu. Nakumbuka namna watu walivyocheka mwanzoni. Walicheka nusu, kisha wakatazamana, kama watoto waliosikia mwenzao akitamka neno la matusi mbele ya mgeni. Ilipodhihirika kwamba hakuna aliyekuja kuwachukua vijana wale, kicheko kikapanuka. Mimi naamini kicheko kile kilifanya kazi ambayo makala mia za magazeti hazingeweza. Makala zilitwambia kwamba rais ni binadamu. Wao walitusikilizisha.

Na si kwa kukwaruza koo tu. Kukwaruza koo hata mtoto wa darasa la tatu aliweza. Waigaji wazuri wa Moi walikamata jambo la ndani zaidi: kwamba aliisoma hotuba rasmi kwa Kiingereza, polepole, kama mtu anayetembea na viatu vya kuazima, kisha akaiweka karatasi kando na kuanza kuongea Kiswahili, na hapo ndipo kila mwanasiasa alipokaa sawa kitini. Hotuba ya karatasi ilikuwa ya mabalozi. Iliyofuata ndiyo iliyoamua nani amekwisha na nani ameinuka. Mwigaji aliyetuonyesha mpito ule, kutoka karatasi hadi rungu, alikuwa ametueleza serikali ilivyoendeshwa. Huo kwangu ni uhakiki, na ni uhakiki wa daraja la juu.

Mwaka 2009 ukaja The XYZ Show, kazi iliyoanzishwa na mchora katuni Gado, mzaliwa wa Dar es Salaam, kwa mfano wa vikaragosi vya mpira vya Ufaransa vilivyokuwa vikiwachezea wakubwa wa huko tangu 1988. Vikaragosi vina faida moja: huweza kuiga uso pamoja na sauti, na hutia chumvi mpaka pua ya waziri ikawa hoja yenyewe. Lakini navikosa kitu kimoja. Anapoiga mtu, naona mtu mmoja akithubutu mbele ya mwingine. Kikaragosi hakithubutu kitu.

Ng'ambo ya mpaka, Tanzania, hali ni nyingine kabisa. Julius Nyerere aliacha urais mwaka 1985 na kufariki London tarehe 14 Oktoba 1999, na kwa kadiri ninavyosikia anaigwa zaidi sasa kuliko alipokuwa madarakani. Mchekeshaji Steven Mengele amemwiga hata watu wakampa jina la Steve Nyerere. Redio na televisheni hurudia vipande vya hotuba zake, hasa ufikapo Oktoba, na kwa hiyo kijana aliyezaliwa baada ya Mwalimu kuzikwa Butiama anaweza kumwiga bila ya kuwahi kumwona.

Alama za Mwalimu zinajulikana. Sauti ilikuwa nyembamba kuliko mtu angetarajia. Aliuliza swali, akangoja, akajijibu. Alisema sentensi, akairudia, akageuza neno moja tu, na neno hilo moja ndilo lililouma. Na kilikuwapo kile kicheko kidogo cha kooni, kilichotangulia mkuki. Waigaji wote huanza na kicheko, na wengi huishia hapo. Hilo ndilo lawama langu kwao. Katika hotuba ya Novemba 1978 ya kutangaza vita dhidi ya Idi Amin, hakuna cha kuchekea: yako mambo matatu, uwezo na sababu na nia, yamepangwa kama matofali, moja juu ya jingine, mpaka msikilizaji anajikuta amekwisha kukubali. Katika mazungumzo yake na waandishi wa habari mwezi Machi 1995, pale hoteli ya Kilimanjaro, alizungumzia nyufa za taifa, na mfano ule wa nyumba iliyopasuka aliuchukua ukuta kwa ukuta bila haraka. Tukumbuke kwamba huyu ni mtu aliyefasiri kwa Kiswahili tamthilia mbili za Shakespeare, Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi. Aliyefasiri hotuba ya Antonio juu ya maiti ya Kaizari alijua namna neno la sifa likirudiwa mara ya nne linavyogeuka kuwa shutuma. Kurudiarudia kwa Mwalimu hakukuwa tabia ya uzee. Kulikuwa ni silaha. Mwigaji anayechukua kicheko na kuziacha hoja ametuletea ala bila kisu.

Tena, jinsi watu wanavyomsikiliza mwigaji wa Nyerere ni tofauti na walivyomsikiliza mwigaji wa Moi. Mwigaji wa Mwalimu humfanya azungumzie mambo ya leo: bei, wezi, viongozi wanaojitajirisha. Watu hupiga makofi kuliko wanavyocheka. Ni kama mtu aliyepandwa na pepo wa babu. Jamaa hukusanyika, hutulia, husikiliza babu ameagiza nini. Nauelewa uchungu ulio ndani ya jambo hilo, maana ni uchungu wa watu wanaohisi hawana wa kuwasemea. Lakini aliyekufa hawezi kukana. Kila mtu humpandisha Mwalimu wake na kumsemesha anayoyataka mwenyewe, na yale ambayo wengi wetu tungependa kubishana naye, kama vile watu kuhamishiwa vijijini kwa nguvu, hayamo kamwe katika mwigo.

Baada ya Moi na Nyerere, mtu wa tatu wa kwetu aliyeigwa sana ni Idi Amin, na yeye aliigwa zaidi na watu wa mbali. Amin alitwaa madaraka Uganda Januari 1971 na kuangushwa Aprili 1979. Huko London mwandishi Alan Coren alikuwa akiandika katika gazeti la Punch taarifa za kuchekesha alizojifanya zimeandikwa na Amin. Zilikusanywa kitabuni mwaka 1974, na mwaka uliofuata mchekeshaji John Bird akazitolea santuri kwa sauti ya kumwiga. Nimezisoma baadhi, na sikucheka. Kichekesho chote kimo katika Kiingereza kibovu cha mtu mweusi. Ungeweza kuliondoa jina la Amin ukaweka la mpishi au bawabu yeyote wa Kiafrika, na mzaha usingepungua. Wakati santuri ile inauzwa, Benedicto Kiwanuka, Jaji Mkuu wa Uganda, alikuwa amekwisha kukamatwa ndani ya mahakama yake mwenyewe, Septemba 1972, na hakurudi. Amin wa Coren hajui lolote la hayo, ila kwamba anakosea sarufi.

Hapo msomaji atauliza: je, sisi nasi hatukumcheka Moi kwa sarufi? Tulimcheka. Tofauti ni kwamba sarufi ile ilikuwa yetu pia. Aliyecheka maisha mbaya alikuwa mtu aliyeamriwa kuimba wimbo huo, na alijua ukiukosa ni nini kitampata. Wa London hakuamriwa kitu. Mwigo wa chini kwenda juu na mwigo wa juu kwenda chini huweza kutumia makosa yaleyale ya lugha, na visiwe kitu kimoja.

Nampenda zaidi Joseph Olita, Mkenya aliyemwigiza Amin katika filamu ya 1981 juu ya kuinuka na kuanguka kwake, na akamwigiza tena kwa kitambo kifupi katika Mississippi Masala mwaka 1991. Filamu ile ya kwanza ni ya damu nyingi na haikuandikwa kwa ustadi. Lakini Olita alielewa kwamba cha kutisha kwa Amin kilikuwa uchangamfu wake. Alicheka na wageni wake, na ukiutazama mwili ule mkubwa unaocheka hujui kicheko kitakatika lini. Forest Whitaker alifuata njia hiyo katika filamu ya 2006 na kupata tuzo ya Oscar. Olita hakupata tuzo ya namna hiyo, lakini alitangulia.

Nimetaja wanaume watupu, na si bahati mbaya. Kwetu mwanamke huigwa bila jina: mwanamume hufunga kanga na kitambaa, akabana sauti, akawa mama muuza samaki au mke mwenye wivu. Anaigwa mwanamke kwa jumla, kama ambavyo makabila yaliigwa kwa jumla. Uingereza walikuwa na Margaret Thatcher, na wale wenye vikaragosi vya Spitting Image walipomtengeneza walimvika suti ya kiume. Hawakuwa na alama ya mamlaka ya kike, wakaazima ya kiume. Siku wanawake wenye madaraka watakapoigwa kwetu mmoja mmoja, kwa sauti zao na hila zao wenyewe, bila ya kitambaa wala kubana pua, nitajua kwamba tumeanza kuwachukulia kuwa ni watawala kweli.

Sasa nije kwenye hatari za mchezo huu. Ya kwanza ni kwamba nakala huweza kummeza mwenyewe. Septemba 2008 mchekeshaji Tina Fey alimwiga Sarah Palin, aliyekuwa akigombea umakamu wa rais wa Marekani, na kusema kwamba anaiona Urusi kutoka nyumbani kwake. Palin hakusema hivyo. Alisema kwamba Urusi huonekana kutoka sehemu fulani ya Alaska, jambo ambalo ni kweli. Hata hivyo wako watu wengi mpaka leo wanaoapa kwamba walimsikia Palin akiyatamka yale. Nakala ikikolea, mwenyewe hulipa deni asilokopa. Mwigaji naye huweza kumezwa. Vaughn Meader alimwiga Rais Kennedy katika santuri iliyotoka Novemba 1962 na kuuzwa kwa mamilioni. Tarehe 22 Novemba 1963 Kennedy aliuawa, na kazi ya Meader ikafa siku hiyohiyo.

Ya pili ndiyo inayonisumbua zaidi. Kicheko husamehe. Rais George Bush mkubwa aliposhindwa uchaguzi wa 1992 alimwalika Ikulu yake Dana Carvey, mchekeshaji aliyekuwa akimwiga kila wiki, aje awachangamshe wafanyakazi waliokuwa na huzuni. Ni habari nzuri, na wote wawili waliheshimika. Bush alikuwa ameshindwa kwa kura na alikuwa anaondoka. Lakini msamaha wa namna hiyo una mwenyewe, na mwenyewe ni aliyetendewa. Moi alipostaafu, mwigo wake ulianza kulainika. Rungu likawa kitu cha kupendeza. Maziwa ya Nyayo tuliyogawiwa shuleni yakaingia katika vichekesho, na sauti ile ya kukwaruza ikawa sauti ya babu mkali anayetupenda. Alipofariki Februari 2020 niliwasikia vijana wakimwiga kwa mapenzi. Hawakuwa na kosa. Ndiye Moi waliyepewa. Lakini Nairobi, chini ya jumba la Nyayo House, viko vyumba walimoteswa watu katika miaka ya themanini. Vilifunguliwa wananchi wavione mwaka 2003. Baadhi ya waliotoka humo bado wako hai, na hakuna aliyewauliza kama wamesamehe kabla ya sisi kuanza kucheka kwa upole.

Kwa hiyo kipimo changu cha mwigo ni hiki: je, mwigaji ametia ndani yake aliyoyatenda mtu, au ameishia kwenye alama? Chaplin, ambaye nusu ya dunia ilimwiga, aliiga yeye mwenyewe mara moja, mwaka 1940, alipomcheza Hitler katika The Great Dictator. Walikuwa na masharubu yaleyale, na walizaliwa Aprili moja ya mwaka mmoja, 1889. Ingekuwa rahisi kubweka Kijerumani cha uongo na kuishia hapo, na kubweka alibweka. Lakini kuna sehemu dikteta anapoichukua tufe ya dunia na kucheza nayo kama mpenzi, mpaka inapasuka mikononi mwake. Hapo hakuna masharubu wala lafudhi, kuna uroho. Miaka mingi baadaye, katika kitabu cha maisha yake cha 1964, Chaplin aliandika kwamba kama angejua yaliyokuwa yakitendeka katika kambi za Wanazi asingeweza kuitengeneza filamu ile. Namheshimu kwa kusema hivyo. Mwigaji mkubwa kuliko wote alikiri kwamba kuna mahali mwigo haufiki.

Siku hizi kuna kompyuta zinazoweza kuinakili sauti ya mtu kutokana na vipande vichache tu alivyorekodiwa, na matapeli hupiga simu kwa sauti za wakubwa wakiomba fedha. Watu huniuliza kama hiyo si ndiyo kazi ya waigaji iliyokamilika. Jibu nililipata katika ile hukumu ya Chaplin na Amador. Anayeiga jukwaani, sote tunajua si mwenyewe, na raha yote imo katika kujua huko. Anayeiga ili tudhani ni mwenyewe ni mwizi, awe mtu au mashine. Tena mashine hainyimi kitu: huchukua kikohozi, pumzi na silabi zote sawasawa. Mwigaji huchagua. Kati ya mambo elfu ya Moi alichagua karatasi inayowekwa kando, na kwa kuchagua akatwambia lililo na maana.

Hayo yakishasemwa, sitaki nionekane nawakataza watu kucheka. Nchi isiyoiga wakubwa wake ina ugonjwa, na sisi tuliowahi kuishi katika nchi ya namna hiyo hatuhitaji kuelezwa dalili. Naomba tu mwigo usiishie mlangoni. Kukwaruza koo tumekwisha kujua, na rungu kila fundi anaweza kulichonga. Bado nangoja mwigaji wa Moi atakayeshuka na sauti ile mpaka chini ya Nyayo House, akatusikilizisha inavyosikika kule.